Vidaka vya Bi Mkubwa

Nilipomaliza kidato cha sita, nikiwa nasubiri matokeo, ami yangu alinipeleka Jozani, msitu wa hifadhi wa Unguja, kutembeza wageni. Kazi yenyewe ya msimu tu. Julai na Agosti Unguja inapojaa Wazungu, watembezaji wa kudumu huwa hawatoshi, basi vijana wa Pete na vijiji vya jirani wenye Kiingereza cha skuli huitwa kusaidia. Mshahara hakuna. Kuna posho ndogo, na bahashishi kwa atakayejaliwa.

Getini palikuwa na sheria isiyoandikwa popote: Wajerumani ni wa wakubwa, basi la skuli ni la watoto wa msimu. Wanafunzi hawatoi bahashishi. Kwa hiyo siku lilipoingia basi la darasa la sita kutoka mjini, hakuna aliyeuliza zamu ya nani. Wenzangu walianza kunicheka hata watoto hawajashuka.

Msituni niliwapitisha haraka. Mitondoo, michikichi, ardhi yenye majimaji; mikokoni walitaka kukamata kaa tu. Waliyemfuata safari nzima ni kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, na kima punju wa kuonekana vizuri hawako ndani ya msitu, wako ng'ambo ya barabara ya Paje, kwenye mashamba ya watu. Mwalimu akawavusha wawili wawili. Nikawaonyesha matuta, nikawaambia yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiua kima wengi mno pale.

Walikuwapo, tena chini kabisa. Mama mmoja, mgongo mwekundu, mtoto kambana tumboni, alikuwa kakaa pahala palipowahi kuchomwa mkaa. Akachokora majivu, akatoa kipande, akakishika kwa vidole vinne maana dole gumba hana, akatafuna. Tulisikia mkaa ukivunjika menoni. Watoto wakapiga kelele. Nikawaeleza kwamba majani ya miembe na mikungu, ile miti ya kungu, wanayokula yana sumu kidogo, na mkaa unaifyonza tumboni. Mmoja akauliza kama na sisi tukila mkaa tutaweza kula majani ya mwembe. Mwalimu akamwambia akajaribu kwao.

Hapo nikaingia kwenye kipande nilichokipenda kuliko vyote, nilichokisoma katika makaratasi ya ofisini. Watu husema kima wanamaliza nazi, nikawaambia, kwa sababu wanawaona wakila vidaka, yaani nazi changa. Lakini watafiti wawili walihesabu, wakatoa matokeo yao mwaka 1999: pale kima walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalikuwa mazuri zaidi. Mnazi huzaa vidaka kuliko unavyoweza kukomaza, vingi hupukutika vyenyewe, na kima ni kama anaupogolea.

"Minazi ya nani hiyo?"

Sauti ilitoka nyuma ya mgomba. Bi mkubwa mwenye shamba alikuwa kasimama na jembe, kanga kaifunga kiunoni, na nahisi alikuwapo tangu mwanzo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza minazi ya nani, mjukuu wangu. Maana hii yangu sijamuona mtu kuja kuihesabu."

Nikamwambia ni utafiti, ulifanyika huku huku kwenye mashamba ya karibu na Jozani. Hakubisha. Akaingia bandani, akatoka na pakacha, akalimwaga mbele ya watoto. Vidaka. Vingine vikubwa kama ngumi, vyote vimetafunwa upande wa kikonyo, alama za meno bado mbichi.

"Hesabuni," akawaambia.

Wakachuchumaa. Walipopita themanini wakaanza kugombana nani kahesabu kimoja mara mbili. Bi mkubwa akawaacha wagombane, akanigeukia mimi.

"Vya kupukutika vinapukutika, nakubali. Lakini kima hauulizi mnazi, kipi utakiacha na kipi nile. Na matembele yangu? Waliyahesabu hao watu wako?"

Karatasi yangu ilikuwa ya nazi tu. Nikamkumbusha kwamba sehemu ya kiingilio cha wageni inarudi vijijini na kwa wakulima. Akacheka sana, cheko la mtu anayejua bahasha hiyo ina nini na huchelewa kiasi gani. Mimi naona alikuwa na haki ya kucheka. Kima wanakaa kwake mchana kutwa, mgeni anakata tiketi kule getini.

"Mnasema wako wangapi?" akauliza.

"Kiasi cha 2,000, bibi. Wanakaribia kutoweka."

"Elfu mbili!" Akamtazama mwalimu kama anayetafuta shahidi. "Elfu mbili hao si wako hapa kwangu!"

Mwalimu, mtu wa busara, akamuuliza kama ana madafu ya kuuza. Alikuwa nayo. Kijana wake akapanda, darasa zima likanywa, na mama yule wa kima akatuangalia toka juu ya mkungu alikohamia. Kabla hatujaondoka Bi mkubwa akanishika mkono: "Kesho ukija na Wazungu, piteni huku. Wewe sema yako, na mimi nitasema yangu, unitafsirie."

Nikafanya hivyo mpaka msimu ukaisha. Wageni walipenda ubishi ule kuliko mikoko, na madafu yake yakawa hayalali. Wale wakubwa walionicheka wakaanza nao kupitisha makundi yao palepale, bila ya kunitaja, lakini hayo nimeshasamehe.

Mwaka 2017 yakatangazwa matokeo ya hesabu mpya ya kima punju wa Unguja nzima: zaidi ya 5,800, karibu mara tatu ya tulivyokuwa tukidhani. Wakati huo nilishahamia mjini kwa kazi nyingine. Nilipokwenda kijijini Idi nikapita kwa Bi mkubwa kumpa habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao wahesabuji walifika upande wa kisimani, maana wengi siku hizi wanalala huko.