Kuruti simu: ile yenye pesa zako usiiguse

Ukipita maduka ya simu ya Darajani, Unguja, bado utasikia ushauri uleule: simu nzito, iruti, yaani jipe mamlaka yote juu ya mfumo wake wa Android. Kwa simu inayobeba laini yako ya pesa na programu ya benki, ushauri huo umepitwa na wakati, tena ni wa hatari. Kwa simu kuukuu iliyolala kabatini, hilo ni jambo jingine.

Wengi wanataka vitu viwili tu: kuondoa programu za kampuni zinazokula bando, na kuziba matangazo. Hakuna hata kimoja kinachohitaji ruti siku hizi. Kuanzia Android 9, kwenye mipangilio ya mtandao kuna sehemu ya Private DNS. Andika dns.adguard-dns.com na matangazo mengi yatakauka. Ya YouTube yatabaki, kwa sababu yanatoka kwenye seva zilezile za video.

Programu za kampuni zinaondolewa kwa kompyuta na waya wa USB. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya About phone, gusa "Build number" mara 7, washa USB debugging, kisha kwenye kompyuta yenye platform-tools (zana za Google zenye amri za adb) andika adb devices na ukubali ombi litakalotokea kwenye kioo cha simu. Orodha inapatikana kwa adb shell pm list packages, na kuondoa ni adb shell pm uninstall --user 0 likifuatiwa na jina la programu. Ukiondoa kwa makosa, adb shell cmd package install-existing na jina lilelile inairudisha. Nafasi ya mfumo haiongezeki, maana faili lenyewe linabaki, lakini programu haiamki tena kula bando na chaji. Usiguse com.android.systemui wala com.google.android.gms, na kwenye Xiaomi acha com.xiaomi.finddevice: ukiiondoa simu inaweza kuwaka na kuzima bila kufika popote.

Sasa hatari. Android huipa kila programu chumba chake chenye kufuli, na programu moja haiingii kwenye chumba cha nyingine. Ruti ni ufunguo wa vyumba vyote. Programu moja mbaya ukiipa ruhusa hiyo, itasoma meseji zako na hata unapogusa kwenye kioo, PIN ikiwemo. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# itaendelea kufanya kazi kwa kuwa inapita kwenye laini, lakini PIN unayoiandika pale haina ulinzi wowote zaidi. Programu nyingi za benki, zenyewe, zitakataa kufunguka. Zinaiuliza Google kupitia Play Integrity (huduma yake ya kukagua simu) kama simu ni salama, na tangu Mei 2025, kwa simu za Android 13 kwenda juu, jibu linategemea ufunguo uliomo ndani ya chipu. Wanaoficha ruti kwa moduli (viongezo vya simu yenye ruti) hufanikiwa kwa muda, halafu siku moja programu inagoma wakati unahitaji kutuma pesa.

Ruti inalipa wapi? Chukua simu ya zamani inayoshinda kwenye chaja kama hotspoti ya duka. Betri inayokaa asilimia 100 mchana kutwa kwenye joto letu inaweza kuvimba. Ukiwa na ruti, ACC (moduli ya kudhibiti chaji) inaweza kukata chaji ikifika asilimia 80, mradi kerneli ya simu hiyo, yaani kiini cha mfumo, inakubali. Kwa kazi kama hiyo, ruti bila wasiwasi.

Toa picha zote kwanza, kwa sababu kufungua butiloda (programu inayowasha mfumo na kuulinda usibadilishwe) kwa amri ya kompyuta ya fastboot flashing unlock kunafuta kila kitu. Pakua faili la mfumo lenye namba ileile ya toleo lililomo kwenye simu, utoe boot.img, faili la kuwashia mfumo; simu iliyotoka kiwandani na Android 13 au zaidi kwa kawaida inataka init_boot.img. Magisk, programu ya kuruti (haimo Play Store, ichukue kwenye ukurasa wa topjohnwu wa GitHub tu) italirekebisha, kisha unaliandika kwa fastboot flash boot au init_boot. Samsung hutumia Odin, programu ya kompyuta ya kuandika mfumo kwenye simu zake.

Toleo likitofautiana, simu itazunguka kwenye nembo. Rudisha boot.img ya asili. Ndiyo maana haifutwi kwenye kompyuta. Kosa baya zaidi ni kufunga butiloda huku boot iliyorekebishwa ingalimo: simu inaikataa, na huenda njia ya kuifungua tena ikawa imefungwa. Tumia laptopu yenye chaji, si kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika wakati Odin inaandika butiloda, simu inaweza kufa kabisa.

Anayenunua simu iliyokwishatumika akague kabla ya kulipa. Izime uiwashe: onyo kwamba butiloda iko wazi hutokea sekunde za mwanzo, na muuzaji mjanja hukuonyesha simu ikiwa imeshawaka. Fungua Play Store, Settings, About, utazame kama imeandikwa kuwa simu imethibitishwa. Ikiwa haikuthibitishwa, mwambie fundi airudishe kwenye mfumo wa asili na aifunge butiloda mbele yako. Samsung iingize kwenye Download Mode, skrini inayotumiwa na Odin. Ukiona Knox (alama ya ulinzi ya Samsung) ni 0x1, maana yake mfumo ulishachezewa; hiyo hairudi hata ukiandika mfumo upya, na Secure Folder, folda ya siri ya Samsung, ndiyo basi tena. Shusha bei, au mwachie muuzaji simu yake.