Mradi wa gemu za viporo: nikifa, inanirudisha wapi?

Bado napambana na zile gemu nilizonunua kwenye ofa af nikaziacha zimelala. Mi ni mchezaji wa kawaida tu, nacheza usiku kazi zikiisha, saa moja hivi, ikizidi sana saa moja na nusu, kwa hiyo sina mpango wa kuzipa nyota wala maksi. Awamu hii kuna kitu kimoja nakiangalia kuliko vyote na kimejitokeza chenyewe kadiri ninavyocheza: nikifa inanirudisha wapi, na nikitaka kuzima sasa hivi inaniruhusu au inaning'ang'ania. Grafiksi nzuri siku hizi ziko kila mahali, lakini hili la kufa na kusevu ndo linaloamua kama kesho nitaiwasha tena.

Celeste (2018) nimeimaliza, yaani stori kuu hadi kileleni. Ni ya kurukaruka, dada mmoja anaitwa Madeline anapanda mlima, na ni ngumu kwelikweli, unakufa mpaka basi, ila kila skrini ni kama chumba kimoja na ukifa unarudi pale pale ulipoingilia ndani ya kama sekunde moja, hakuna kusubiri kulodi, hakuna maandishi makubwa ya kukutangazia umeshindwa, muziki unaendelea tu, kwa hiyo vidole bado vinakumbuka vilichokuwa vinafanya na unajaribu tena kabla hasira haijapanda. Halafu angalia nywele zake. Zikiwa nyekundu ujue anaweza kuchomoka hewani mara moja, akishachomoka zinageuka bluu, akikanyaga chini zinarudi nyekundu. Yaani hakuna mita ya kuchungulia pembeni ya skrini, jicho linabaki kwa mtu wako mwanzo mwisho. Kitu kidogo hicho ila aliyekifikiria ni fundi, nakwambia.

Ina na sehemu ya msaada kwenye menyu, unaweza kupunguza spidi ya gemu nzima hadi asilimia 50, au kujipa stamina isiyoisha, au hata usife kabisa. Wapo wanaosema huko ni kuchakachua na siafiki hata kidogo. Mtu aliyechoka, au ambaye mikono yake haiendi haraka, ana haki ya kuona stori inaishaje. Mi nilipunguza spidi kwenye vyumba vichache vya mwishoni nikaendelea, na furaha ya kufika kileleni ilikuwa ile ile. Zile stroberi za kuokota njiani nimeziacha nyingi tu, gemu yenyewe inakwambia mapema kwamba ni za kuwatambia rafiki zako, basi.

Hollow Knight (2017) bado niko nayo, na hii ndo inanipa mawazo. Ni nzuri jamani, sijui nisemeje, ule ufalme wa wadudu chini ya ardhi una huzuni fulani hivi ya kukuvuta, unaingia eneo jipya huna ramani, unasikia mtu anaimbaimba mahali, unafuata sauti, unakuta makaratasi yametawanyika chini, ujue Cornifer yuko karibu na atakuuzia ramani. Na hata ukishaipata haijazi ulikopita mpaka uwe na kalamu yake na ukae kwenye benchi. Benchi ndo kila kitu humo: ndo unakoponea na ndo unakorudishwa ukifa, na hela zako zote zinabaki pale ulipofia pamoja na kivuli chako mwenyewe ambacho inabidi ukakipige ndo uzirudishe, ukifa tena kabla hujakifikia zimeenda hizo.

Sasa kwa mtu mwenye saa moja usiku hiyo ni bei kubwa. Pale kwa Soul Master, bosi mmoja wa humo, yaani adui mkubwa, kutoka kwenye benchi hadi mlangoni kwake ni safari nzima, unaruka, unakwepa, unapigwa njiani, af unafika damu imepungua kabla hata hajakugusa. Sioni hiyo safari inanifundisha nini kuhusu huyo bosi. Ila upande wa pili nielewe pia, maana wale Mantis Lords, mabosi wa kijiji cha vunjajungu, baada ya kuwashinda, wanakuinamia, na wale vunjajungu wengine wa kijiji kile ambao muda wote walikuwa wanakukata ovyo wanaacha kukushambulia, ukipita wanainama. Nilipita pale polepole makusudi. Heshima ile isingekuwa na uzito kama kufa kungekuwa bure. Kwa hiyo adhabu yenyewe naikubali kabisa, mwendo wa kurudi ndo siukubali.

Hades (2020) imelitatua hili vizuri kuliko zote nilizogusa. We ni mtoto wa Hades, mungu wa kuzimu, unapigana utoroke huko. Unakufa, unarudi nyumbani kwa baba, unatoka kwenye dimbwi la damu, na watu wa pale wana maneno mapya, Hypnos, mungu wa usingizi, pale mlangoni anakutajia nani kakuua na anakupa ushauri, yaani stori inasogea KWA SABABU umekufa. Ukiwasha God Mode, ndo sehemu ya msaada ya humo, unaanza na kinga ya asilimia 20 na kila ukifa inaongezeka asilimia 2 hadi ifike 80, kwa hiyo mbele utafika tu. Na kuzima katikati unaruhusiwa, ukiiwasha unaanzia mwanzo wa chumba ulichokuwemo. Safi sana.

Stardew Valley (2016), gemu ya kulima shamba, ni kesi nyingine kabisa, humo hufi sana lakini haisevu mpaka mtu wako akalale. Siku moja ya mle ni kama dakika 14 za kwetu, inaanza saa 12 asubuhi na ikifika saa 8 usiku hujalala unazimia hapo ulipo. Ni fupi, sawa, ila ndo inakufanya useme ngoja nimalizie hii siku, af mvua inanyesha kesho yake huna haja ya kumwagilia, basi unashuka mgodini, saa imekata. Jamaa mmoja, Eric Barone, ndo aliyeitengeneza peke yake, muziki, michoro, maandishi, kila kitu, na ukicheza unaihisi ni ya mkono mmoja, hakuna kona iliyofanywa kwa kulipua.

Katikati ya hizi nachezaga Tetris dakika chache. Ya tangu 1984, maumbo 7 tu, na bado.

Kinachofuata ni Return of the Obra Dinn (2018), nimeianza tu: meli imerudi bandarini bila mtu, una saa ya mfukoni inayokupeleka kwenye sekunde ambayo kila mmoja alikufa, na una kitabu cha watu 60 wa kuwatambua. Inathibitisha majibu yako matatu matatu, kwa hiyo kubahatisha ni kazi. Humo sifi hata mara moja, nataka nione nikiwa naizima kila usiku katikati ya kesi, kesho yake kichwa kitakuwa bado kimeshika nani ni nani. Soul Master nitamrudia wikendi nikiwa na muda.