Kula kwenye mgahawa wa familia Seoul bila kugusa nguruwe: uzoefu wangu

Ukishuka stesheni ya Mangwon, laini namba 6 ya treni ya chini ya ardhi, ukafuata uchochoro wowote unaoelekea sokoni, utapita vimigahawa vya meza sita au saba ambamo mama yuko jikoni, baba yuko kaunta, na mtoto wao mkubwa anapeleka sahani. Wakorea huviita sikdang. Chakula chao cha mchana ni baekban: wali, supu, na vibakuli vitano hadi vinane vya mboga na vitoweo vidogo vinavyoitwa banchan. Kwa Mtanzania ni kama kwa mama ntilie: chakula cha siku, kimepikwa asubuhi hiyo, bei ya kawaida, na aliyekipika unamwona kwa macho.

Shida kwetu tusiokula nguruwe ni kwamba katika mapishi haya nguruwe yumo kwingi, na mara nyingi hatajwi. Nilianza kwa kuuliza sahani kwa sahani, nikaona haisaidii, kwa sababu mpishi ana haraka na maswali kumi humchosha. Kilichonisaidia ni mpango mfupi: kwenda saa tulivu, kusoma ukuta, kuagiza samaki, na kusema sentensi mbili tu kabla mama hajawasha jiko.

Anza na saa. Kati ya saa 6:00 na saa 7:00 mchana wafanyakazi wa ofisi hujaa, na mtu mmoja anayekalia meza ya watu wanne anaonekana mzigo. Mimi huingia saa 5:30 asubuhi au baada ya saa 7:15 mchana. Usichelewe sana, maana migahawa mingi hufunga jiko kuanzia saa 9:00 hadi saa 11:00 jioni. Ukikuta mlangoni kibao cha 준비 중 (junbi jung), bado wanaandaa, usiingie hata kama taa zinawaka. 영업 중 (yeongeop jung) maana yake wako kazini. Kama uko peke yako, simama mlangoni uulize, "Honja-do dwaeyo?", yaani hata mtu mmoja anaruhusiwa? Angalia pia kwenye orodha kama kuna 2인 이상. Hiyo ni sahani isiyopikwa kwa chini ya watu wawili, na vyungu vikubwa vya kupikia mezani karibu vyote viko hivyo.

Kisha soma ukuta. Karibu na orodha ya bei kuna ubao wa 원산지 표시 (wonsanji pyosi), ambao sheria inamtaka kila mwenye mgahawa auweke. Unaeleza mchele, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), nyama na samaki vimetoka wapi. Wengi huupita tu, lakini kwangu ndio msaada mkubwa kuliko wote humo ndani, kwa sababu mara nyingi umeandikwa kwa sahani: jina la chakula, halafu kwenye mabano aina ya nyama na nchi ilikotoka. Huhitaji kujua Kikorea chote. Kariri maumbo matatu: 돼지 ni nguruwe, 소 ni ng'ombe, 닭 ni kuku. Tafuta 돼지, uone imekaa kwenye mstari wa sahani ipi, na sahani hiyo uiache. Kama haionekani popote, umepata mgahawa wa kuurudia. Ila ubao hauwezi kukuambia kila kitu kuhusu banchan, maana hizo hubadilika kila siku kulingana na alichonunua mama sokoni.

Kuna majina yanayowakosesha wageni. Gamjatang linasikika kama supu ya viazi, kwa kuwa gamja ni kiazi, lakini ni uti wa mgongo wa nguruwe. Sundae na sundubu yanafanana masikioni: la kwanza ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi, la pili ni tofu laini. Na hata sundubu ina mtego. Wapishi wengi hukaanga pilipili ya unga pamoja na nyama ya nguruwe ya kusaga ili kupata mafuta mekundu, halafu humwagia kila chungu, hata kile kilichoandikwa ni cha samaki. Kimchi jjigae, mchuzi wa kimchi, ya kawaida ni ya nguruwe, labda iandikwe chamchi, yaani jodari wa kopo. Mandu (maandazi madogo ya kujazwa nyama), jjajangmyeon (tambi za sosi nyeusi) na jeyuk (nguruwe wa kukaangwa) usiziguse. Gimbap, wali uliofungwa kwa mwani, inayoonekana ni ya mboga tupu mara nyingi ina kipande cha waridi katikati: ni haem, nyama ya kusindika, na kwa kawaida ni ya nguruwe.

Hilo la haem lichukue kwa uzito, kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Ukimwambia mama hutaki gogi, yaani nyama, anaelewa minofu inayoonekana. Haem na soseji kwake ni kitu kingine, kama sisi tunavyoweza kumwambia mtu mchuzi hauna nyama wakati tumetia kidonge cha supu ya ng'ombe. Hakudanganyi, neno lenyewe tu halifiki huko. Kwa hiyo sentensi zangu ni mbili na huzisema kwa pamoja: "Dwaejigogi mot meogeoyo. Haem-do mot meogeoyo." Nguruwe siwezi kula, na haem pia siwezi. Halafu naonyesha kidole kwenye sahani niliyoichagua na kuuliza, "Dwaejigogi deureogayo?" Akijibu "an deureogayo", haimo. Sikiliza hiyo "an" ya mwanzo, kwani ndiyo inayobeba jibu. Mot meogeoyo, siwezi kula, hupokelewa vizuri kuliko sitaki, kwa sababu mpishi anaichukulia kama suala la afya au dini, na banchan yenye haem ataiondoa mwenyewe bila kuulizwa.

Sahani ninayoiamini ni saengseon-gui, samaki wa kuchomwa, kwa mtindo wa baekban. Nimezoea kuilipia kati ya won 9,000 na won 13,000. Godeungeo ni jamii ya vibua, ana mafuta na chumvi. Samchi ni jamii ya nguru, nyama yake laini na miiba michache, na huyo ndiye ninayempendekezea mtu asiyezoea vijiti. Pembeni huja doenjang jjigae, mchuzi wa soya iliyochachushwa. Msingi wake ni dagaa wakavu, myeolchi, waliochemshwa na mwani mpana uitwao dasima. Dagaa haohao utawakuta tena kwenye kibakuli, wamekaangwa kwa sosi ya soya na sukari nzito. Uliza kuhusu huo mchuzi peke yake, maana wengine hutia nyama ya kusaga.

Anayeshika uchinjaji kikamilifu aelewe kwamba supu ya ng'ombe kama galbitang au ya kuku kama samgyetang haina nguruwe, lakini nyama yake haikuchinjwa kwa utaratibu wetu. Samaki anaondoa swali hilo. Yanabaki mawili: matsul, mvinyo wa kupikia unaotumika kukata shombo, na kikaango kilichopikiwa nguruwe. Kwa hayo mimi huchagua nyumba inayochoma samaki tu. Ziko nyingi kwenye uchochoro wa samaki wa kuchoma karibu na Dongdaemun, upande wa Jongno 5-ga, ambako samaki huchomwa nje mbele ya mlango na unaona kilichopo motoni. Na anayetaka nyama ya halali bila maswali, laini ileile namba 6 inafika Itaewon, ulipo Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, na migahawa ya halali imeuzunguka.

Ukishaketi, usisubiri kuhudumiwa kila kitu. Vijiko na vijiti viko kwenye droo ubavuni mwa meza au kwenye kisanduku juu yake. Vikombe viko kwenye kabati dogo lenye mwanga wa buluu, na maji yako kwenye friji au mashine. Kibandiko cha 셀프 maana yake jihudumie. Kumwita mama wa jikoni sema "Imo!", yaani mama mdogo, dada yake mama. Kwetu sisi tuliozoea kumwita kila mama kwa jina la undugu, hili halitupi shida. Mwanamume wa kaunta ni Sajangnim, mwenye mgahawa. Neno ajumma liache, linaweza kusikika la dharau.

Wali huja kwenye bakuli la chuma lenye kifuniko, na bakuli hilo linaunguza. Fungua kifuniko kwa ncha za vidole, kiweke chini ya bakuli au pembeni, na usiliinue mkononi. Wali na supu huliwa kwa kijiko, banchan na samaki kwa vijiti. Usisimamishe vijiti ndani ya wali, maana ndivyo wanavyowawekea marehemu wao. Mchuzi wa soya unafika ukiwa bado unachemka na chungu chake cha udongo hakipoi upesi, kwa hiyo chota kidogo kwenye kijiko na usubiri.

Samaki ndiye anayehitaji mkono. Godeungeo huwa amepasuliwa na kufunguliwa kama kitabu, upande mmoja una uti, mwingine hauna. Anza na ule usio na uti. Unganisha ncha mbili za vijiti, zichomeke kwenye mstari wa katikati, kisha zitanue taratibu: nyama inaachana vipande viwili vyenye ngozi ya kahawia juu na mvuke ukitoka chini. Karibu na tumbo kuna safu ya miiba myembamba, sukuma nyama kuelekea mgongoni uiache hapo. Upande wa pili inua uti kuanzia mkiani, utoke mzima kama chanuo. Vijiti vya Kikorea ni vya chuma, vyembamba na bapa, vinateleza. Vishike juu kidogo ya katikati, kwani ukivishika karibu na ncha vinapishana. Usimchovye samaki huyu kwenye soya, chumvi yake inatosha. Kula kipande na wali mwingi.

Banchan zikiisha ni haki yako kuongezwa, bila malipo. Nyanyua kibakuli kitupu na useme "Igeo deo juseyo". Wali wa ziada ndio unaolipiwa, kwa kawaida won 1,000 au zaidi kidogo. Usiongeze usichoweza kumaliza, kwa sababu kilichobaki kwenye kibakuli hakitarudi sufuriani. Mwenye mzio wa kamba ajue kwamba kimchi nyingi hutiwa saeujeot, kamba wadogo wa chumvi, hata zinapoonekana ni kabichi na pilipili tu.

Baadhi ya nyumba hupika wali kwenye chungu cha jiwe, dolsot. Hapa wageni wengi hula moja kwa moja chunguni wakakosa sehemu tamu zaidi. Pakua wali wote ukautie kwenye bakuli tupu uliloletewa, ukiacha tabaka lililoshika chini. Hilo ni nurungji, na ni ukoko wetu uleule. Mimina maji ya moto kutoka kwenye birika mpaka yaufunike kwa vidole viwili, rudisha kifuniko, endelea na samaki. Jiwe linaendelea kuchemsha lenyewe. Ukimaliza samaki, kwangua kwa kijiko: ukoko umelainika, maji yamekuwa meupe yenye harufu ya moshi kidogo, na mdomo uliojaa chumvi na pilipili unatulia. Ukisahau kumimina maji mapema, chungu kikapoa, utakwangua jiwe kavu bila kupata kitu.

Malipo ni kaunta wakati wa kutoka, kadi inakubalika karibu kila mahali, na bakshishi haitolewi. Ukimwachia mtu chenji atakukimbiza barabarani akurudishie. Sema "Jal meogeosseumnida", nimekula vizuri, na uiseme ukielekea jikoni, kwa aliyepika. Mlangoni huwa kuna mashine ndogo ya kahawa ya maziwa, ya bure kwa aliyekula.

Rudi palepale ndani ya wiki mbili, saa ileile, uagize kilekile. Mara ya tatu mimi sikuhitaji tena zile sentensi mbili. Imo alitoa kichwa dirishani mwa jiko na kuniuliza yeye: "Haem ppaego, matjyo?" Bila haem, siyo?