Maporomoko Nyuma ya Jiko la Guku

Mara ya kwanza tulikuwa wanne, na aliyetufukuza alikuwa peke yake, mama mzee mwenye leso kiunoni na jembe begani. Hakupiga kelele. Alimtazama rafiki yangu, fundi wa pikipiki, aliyekuwa ameketi juu ya bamba la saruji akifunga kamba za viatu, akamuuliza taratibu: "Umemaliza kumkalia mzee wangu?"

Lilikuwa kaburi. Halikuwa na msalaba wala jina. Saruji tu iliyowahi kupakwa chokaa, mvua ikaila, na migomba miwili upande wa kichwani. Fundi aliruka kama mtu aliyekalia siafu. Sisi wengine tukaanza kuomba msamaha kwa pamoja, kila mtu na lugha yake, hata hakuna lililosikika. Mama akanyoosha kidole tulikotoka. Hapo ndipo nilipoona tulichokifanya njiani: mstari wa maharagwe machanga uliolazwa chini, nyayo za jozi nne za buti, mguu kwa mguu, kutoka ua wa mikaratusi hadi tulipokuwa tumesimama. Maporomoko tuliyoyafuata tulikuwa tukiyasikia, pengine hatua mia mbili mbele. Tukarudi bila kuyaona.

Mimi nauza misumari na mabati katika duka la hadiwea Kisumu, na Jumapili ndiyo siku yangu. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichanga nauli kwenda kutazama maji yanapoanguka. Tulianza na yale yanayojulikana na kila mtu. Nyahururu, mto Ewaso Narok unakoanguka mita 74, unalipa getini, unashuka ngazi, unapigwa picha na kinyonga wa mtu, unarudi. Isiukhu kule msitu wa Kakamega, unalipa pia na unapewa mtu wa kukuongoza kati ya miti. Nabuyole karibu na Webuye, kwenye mto Nzoia, ambayo wazee bado wanaiita Broderick kama wakoloni walivyoiita. Sehemu kama hizo zinakuharibu kidogo. Unazoea kwamba maporomoko yana tiketi, na kwamba ukishalipa hiyo tiketi hudaiwi na mtu yeyote.

Haya mengine tuliyapata kwa picha. Mfanyakazi mwenzangu alitumiwa na binamu yake, ikazunguka kwenye simu zetu, na mmoja wetu aliyezoea ramani za simu akabahatisha mahali. Ni huko juu, Vihiga. Unapanda matatu Kisumu, unapita Kiboswa na Majengo, unashuka mahali fulani, unachukua boda boda, kisha miguu. Sitataja mahali penyewe, na mbele huko mtajua sababu. Ramani ilionyesha kijani kitupu na mstari wa buluu. Tukadhani ni pori.

Vihiga hakuna pori la namna hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu kule zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Ardhi imegawanywa kwa wana na wajukuu hadi shamba la mtu ni kipande cha mahindi, nepia ya ng'ombe, migomba, na choo. Kila kijia unachokiona kimeanzia kwenye mlango wa mtu na kinaishia kwenye mlango wa mwingine. Sisi tulikuwa tumeingilia nyuma ya boma, kwa mgongo wa nyumba, kama wezi wa kuku. Kwa Waluhya, na hata kwetu Waluo, mgeni huja kwa mbele, akasimama mbali kidogo, akabisha hodi hata kama mlango uko wazi. Haya nilifundishwa nikiwa mtoto. Sijui kwa nini nikivaa buti za kutembelea milima huwa nayasahau.

Wiki ile sikutulia. Si kwa ajili ya maporomoko, bali kwa lile swali la mama. Nikampigia shemeji yangu ambaye ni savea, nikijitetea kabla hajaniuliza. Nikamwambia mto ni wa serikali, si wa mtu. Akacheka.

"Ni kweli," akasema. "Katiba, kifungu cha 62, inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Na Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Hata ukingo wa mto una masharti yake, mita 6 hadi 30 kutegemea mto wenyewe, huruhusiwi kulima wala kujenga ovyo. Lakini wewe hukudondoka kutoka mbinguni ukatua majini. Ulipita wapi?"

Nilipita kwenye maharagwe.

Akanieleza kwamba kuna sheria nyingine, Sura ya 294, inayohusu kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, na kwamba neno la kuangalia humo ni mkaaji. Haikuulizi kama una idhini ya mwenye hatimiliki. Inakuuliza kama una idhini ya anayekaa pale. Hili lilinisaidia zaidi ya yote aliyoniambia. Huku kwetu magharibi hatimiliki nyingi bado zina jina la babu aliyefariki zamani, wana hawajaenda kufanya urithi, kesi ni gharama. Ukienda kutafuta jina kwenye karatasi utaishia kaburini. Wa kuulizwa ni yule anayechota maji pale asubuhi.

Jumapili ya pili nilikwenda na fundi peke yake. Hatukubeba kamera. Tulishuka sokoni kwanza tukaulizia liguru, yaani mzee wa kijiji. Tukampata anacheza ajua chini ya mwembe na wenzake, tukasubiri amalize mchezo, akamaliza, akaanza mwingine. Tulipoeleza, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema habari za watu wa buti alikuwa ameshazipata Jumapili ileile jioni. Alitupeleka mwenyewe. Tulipita kwa mbele safari hii, tukasimama kwenye kizingiti cha uwanja, liguru akaita "Mulembe!" na sauti ikajibu kutoka jikoni.

Tulikuwa tumebeba sukari kilo mbili, majani ya chai, na debe dogo la mbegu za maharagwe. Mbegu zilikuwa wazo la fundi. Mama alifungua, akachota kiganja kimoja, akazichagua kwa kidole gumba moja moja, akatoa mbili zilizotobolewa na wadudu akazitupia kuku. "Hizi ni za Kisumu," akasema. "Zitaota, lakini si tamu kama zangu." Kisha akafunga debe na kuliingiza ndani. Tukajua tumesamehewa, au tumeanza kusamehewa.

Tulikaa mpaka alasiri. Tulikunywa chai, tukala ndizi za kuchemsha na mrenda. Tuliulizwa tumeoa wapi, kina mama zetu wako hai, Kisumu mahindi ni bei gani. Maji yalikuwa yakinguruma nyuma ya nyumba muda wote na hakuna aliyeyataja. Mimi nilikuwa nawashwa, lakini nilimwona liguru ametulia kabisa, nami nikatulia. Tulipoaga, mama ndiye aliyesema: "Mnaweza kuniita guku, nyanya yenu. Mkija tena njooni na saa."

Sikuelewa maana ya saa mpaka safari ya tatu. Kumbe mto una ratiba. Asubuhi hadi saa nne, kidimbwi cha chini ni cha wanawake: wanafua, wanaoga, wasichana wanaosha nywele. Kabla yetu walikuwa wameshuka vijana wa mjini na simu wakiwa wamezinyanyua, wakapiga picha kila kilichokuwa mbele yao. Guku aliisimulia habari hiyo akiwa anamenya ndizi, na kisu hakikupunguza mwendo. Hao hao walivunja chupa kwenye mwamba anapopiga magoti kuchota. Kovu lake liko chini kidogo ya goti la kulia.

Kwa hiyo asubuhi haiwezekani. Na mchana sana haifai, kwa sababu huku mvua ni ya alasiri: unyevu wa Ziwa Victoria unapanda, unakutana na milima ya Nandi, wingu linakaa. Mjukuu wa guku, kijana wa kidato cha tatu, alinifundisha kuutazama mto badala ya kutazama juu. Inaweza kuwa jua linakuchoma hapo ulipo huku mvua ikimwagika mashariki, na maji yake yako njiani. Kwanza majani makavu yanaanza kupita mengi. Halafu rangi inageuka kutoka chai ya rangi kuwa chai ya maziwa. Mwisho ni sauti: inakuwa nzito, kama gunia linaloburutwa. "Ukisikia gunia," akasema, "hujachelewa, lakini viatu utavivalia juu." Hivyo muda wetu ni kati ya saa nne na saa nane. Saa nane anatutoa hata kama mbingu ni nyeupe pe.

Jumamosi haipo. Jumamosi ni mazishi, na nyumba haina mtu wa kukupokea.

Maporomoko yenyewe si makubwa. Nikisema yanafika urefu wa nyumba ya ghorofa mbili huenda nimeyaongezea. Maji yanatoka kati ya mawe mawili makubwa ya mviringo, yale mawe ya Maragoli ambayo unashindwa kuelewa nani aliyapanga, yanateleza kwenye uso mweusi wenye mfereji mmoja, halafu yanagonga rafu katikati na kufunguka kama feni. Nyuma ya feni hiyo pana pango dogo la kutosha watu wawili waliochuchumaa. Mjukuu alituonyesha mahali pa kuweka mguu: si kwenye jiwe jeusi linalong'aa, bali kwenye lile lenye ukungu wa kijivu, mkavu, unaokwaruza kiganja. Niliingia nikachuchumaa. Kelele ni nyingi hata huwezi kuwaza, na ukitazama nje unaona migomba ya ng'ambo imegeuka mistari ya kijani inayotetemeka.

Ng'ambo. Hapo ndipo nusura tuharibu tena. Mmoja wetu aliona picha nzuri ingekuwa kutoka upande wa pili, na maji yalikuwa ya kifundo cha mguu tu. Tayari alikuwa amekunja suruali. Mjukuu akamshika mkono: "Kule si kwetu." Mto ndio mpaka. Upande wa pili ni wa jirani ambaye hasalimiani na boma hili tangu ng'ombe mmoja aingie kwenye mahindi, mwaka ambao mjukuu hakuwa amezaliwa. Ruhusa ya guku ilikuwa inaishia katikati ya maji. Yule rafiki alikunjua suruali. Picha zetu zote zinaonyesha upande mmoja, ule wenye kivuli, na kwa kweli hazipendezi sana.

Pesa ndiyo iliyotusumbua kuliko sheria. Sisi tulitaka kulipa, tulishazoea geti. Nilimpa guku shilingi 500 akanirudishia. Nikadhani ni kidogo, nikaongeza. Akarudisha tena, safari hii kwa ukali: "Nikichukua pesa ya mlango nitakuwa na geti. Nikiwa na geti nitakuwa na kesi." Ana wana watatu mijini ambao hawajakubaliana kuhusu kipande hicho, na jirani wa ng'ambo angedai nusu kesho yake. Tukaelewana hivi: mjukuu tunamlipa kwa kutuongoza, hiyo ni kazi yake na inamnunulia vitabu. Kwa guku tunanunua. Mkungu wa ndizi, mayai, mrenda, chochote kilichopo, kwa bei ya soko. Siku moja hakuwa na cha kuuza ila kuku mmoja mkali sana, tukarudi naye Kisumu ndani ya matatu, akaponyoka Kiboswa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Masharti mengine yalikuwa mawili. Tusizidi watano. Na tusimwambie mtu palipo. La pili nililichukulia kijuujuu. Nilizima ile sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa, nikaweka picha moja kwa marafiki bila jina, nikajiona mjanja. Wiki tatu baadaye mjukuu akanipigia Jumapili saa mbili asubuhi, saa ya wanawake, akinong'ona. "Wako hapa vijana tisa na spika. Wanasema wanakujua." Mtu wa sehemu zile alikuwa ameyatambua mawe kwenye picha yangu. Mawe yale hayafanani na mengine, nami nilikuwa nimeyapiga mapana. Nilimwambia mjukuu amwite liguru, nikaifuta picha, lakini kuifuta kulikuwa kama kuanua nguo baada ya mvua.

Jumapili iliyofuata nilikwenda peke yangu, saa nne kamili, na mbegu nyingine. Nilitaka kuanza kuomba msamaha nikiwa bado kizingitini. Guku alikuwa amepiga magoti kule kwenye ua wa mikaratusi, tulikopenyea siku ya kwanza, anashindilia udongo. Alikuwa amepanda nepia mistari miwili kukifunga kijia chote, na mbele yake matawi ya miiba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunitazama. Halafu akanipa jembe nimalizie mstari.

Tulipomaliza akanawa mikono, akanionyesha njia mpya ya kushukia majini. Inaanzia uwanjani, inapita katikati ya jiko na kibanda cha kuku, karibu sana na mlango hata inabidi uinamishe kichwa usigonge paa. Akiwa amekaa mekoni anaona miguu ya kila anayepita.

"Na viatu vyako," akaniambia, "kaza kamba hapa hapa, kwenye kigoda."