Injini ya kwanza niliiua kwa kuihurumia

Pikipiki yangu ya bodaboda ni CC 150, ile inayopozwa na upepo, na ndani ya mwaka mmoja bloku yake, kile chuma chenye silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, imechongwa mara mbili. Mara ya pili ndiyo imekaa. Ya kwanza ilianza kula oili hata deni la spea sijalimaliza.

Hiyo ya kwanza tulifanya kama wengi wanavyofanya hapa Mbeya. Fundi alimaliza kuifunga saa nne asubuhi, akapiga kiki, akaiacha inaunguruma kwenye stendi kubwa mpaka alasiri, "ijilainishe yenyewe". Baada ya hapo nikaiendesha wiki mbili kama nimepakia mayai: gia ya nne, spidi 30, mkono unaogopa kuvuta mafuta. Kijiweni wakanisifu kwa uvumilivu. Mwezi haujaisha, moshi wa bluu ukaanza, na oili nikawa naongeza kila Jumamosi.

Nilipoifungua tena, ukuta wa silinda ulikuwa unang'aa kama kijiko. Nikadhani ndio uzuri wenyewe. Fundi mwingine, mzee wa makamo ambaye hana maneno mengi, akaniambia, "Hicho ni kioo, mdogo wangu. Oili imeungulia humo." Akanieleza nikaelewa. Ringi, ile pete inayozunguka pistoni, haibani ukuta sawasawa kwa nguvu yake yenyewe. Mgandamizo wa moto unaingia nyuma yake na kuisukuma nje. Injini ikiwa saileni tu, inaunguruma bila kuvutwa mafuta, mgandamizo huo ni mdogo. Ringi haisagani na ukuta, oili inabaki pale inaungua, na ile mikwaruzo aliyoiacha mchongaji inazibika. Mikwaruzo yenyewe inafanya kazi muda mfupi tu, zile saa za mwanzo. Ukizipoteza, ndiyo basi, unarudi kuchonga. Tena pikipiki ya upepo ikisimama upepo haiupati, kwa hiyo nilikuwa naichemsha huku nikidhani naionea huruma.

Safari hii nilinunua pistoni kwanza, saizi ya 0.50, yaani pana kwa nusu milimita kuliko ya kiwandani, nikampelekea mchongaji Mwanjelwa ili achonge kwa kufuata pistoni ile ile, asichonge kwa kukisia. Nikamwambia aniachie mikwaruzo inayopishana kama wavu. Akanitazama kama vile namfundisha kazi, ila aliiacha.

Halafu nikaiosha bloku nyumbani. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana gereji nyingi wanasuuza na petroli wanafunga. Petroli inatoa grisi. Ule unga wa jiwe la kuchongea unabaki umejificha kwenye mikwaruzo, na ukibaki unasaga ringi kama msasa. Nilichukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, nikasugua. Nikapitisha kitambaa cheupe cha shuka kuukuu: kikatoka kijivu. Nikasugua tena, kijivu. Mke wangu akasimama mlangoni, "Baba, hicho chuma au mtoto mchanga?" Mara ya tano kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Papo hapo nikapaka oili, kwa sababu chuma kitupu kinashika kutu ukizubaa.

Chujio la hewa nikaweka jipya pia. Lile la zamani sponji yake ilikuwa imetoboka, na vumbi la barabara za ndani lilikuwa linaingia moja kwa moja. Ndilo lililoanzisha haya yote. Na waya wa kilometa, uliokuwa umekatika tangu sijui lini, nikaubadilisha. Bila huo ningehesabu vipi?

Siku yenyewe ilikuwa Juni, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nikaweka oili ya kawaida, 20W-50 yenye alama ya JASO MA, kwa sababu krachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Nikawasha, nikaangalia kama kuna panapovuja, dakika mbili hazijaisha niko barabarani. Nilichagua barabara ya Tukuyu, kutoka Uyole kupanda Igawilo. Ina mwinuko, na malori ni machache kuliko kwenye barabara kuu. Ukiachia mafuta ghafla mbele ya lori linalokwenda Tunduma, hutakuwa na injini ya kuhangaikia tena.

Nilikuwa nafanya hivi: gia ya tatu, spidi 30, navuta mafuta hadi karibu nusu, inapanda mpaka 50. Halafu naachia kabisa, gia ikiwa humo humo, inashuka yenyewe hadi 30. Ukivuta, ringi zinabanwa ukutani. Ukiachia, oili inanyonywa juu kidogo, inapoza na kuosha ule unga wa chuma. Mara kumi hivi, kisha nazima na kusubiri mpaka niweze kuweka kiganja kwenye mapezi ya bloku. Nikarudia mara tatu.

Katika kusubiri huko Uyole ndipo mama mmoja aliponifuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipandishie mbolea hii Igawilo."

Mfuko wa kilo 50, na yeye mwenyewe juu yake. Nikamwambia pikipiki ndiyo imetoka kufungwa injini, haijawa tayari kwa mzigo.

"Tangu asubuhi nakuona unapanda mtupu, unashuka mtupu. Leo mbolea ndiyo itakayokushinda?"

Sikuwa na jibu la haraka. Elfu tatu ile ya nauli niliyoikosa ilinifuata mpaka nyumbani.

Kwenye kilometa 40 nikamwaga oili ikiwa bado ya moto, kwenye dumu nililolikata. Nikachovya kidole nikakigeuzageuza juani: chembe laini zinazometa kama wanja uliochanganywa na fedha. Sumaku ya spika mbovu ilishika utando mwembamba mweusi. Hakikuwamo kipande cha kushikika kwa kucha, nikashusha pumzi. Fundi aliniambia ningemwaga hata mapema zaidi asingenishangaa.

Plagi ilitoka nyeusi tii. Kabureta ilikuwa imepimwa Dar es Salaam, na huku juu, mita kama 1,700, hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi na kuosha oili ukutani. Ikapunguzwa kidogo.

Kilometa 300: oili tena, nati za hedi zikakazwa na valvu zikapimwa injini ikiwa ya baridi. Siku tisa bila abiria, nakula kwa mkopo wa mama ntilie.

Wiki ya tatu mama wa mbolea akanikuta pale pale.

"Imepona?"

"Imepona, mama."

Nikaweka gia ya pili, mfuko umefungwa na mpira, yeye nyuma kanishika koti. Karibu na Igawilo akanigonga bega.

"Mwanangu, tazama mbele. Nyuma huko unatafuta nini?"