Jogoo aliyeliwa Idi bado anazaa

Imekubali! Mzunguko wa pili wa kutotolesha: vifaranga 19, shingo tupu 19. Nimewainua mmoja mmoja chini ya taa, nikamwita mke wangu naye awahesabu, maana baada ya yaliyonipata mzunguko uliopita siyaamini tena macho yangu peke yake.

Kwa wanaofuatilia tangu mwanzo: lengo ni kupata kundi la kishingo, yaani kuku wasio na manyoya shingoni, linalozaa kishingo bila kukosa. Huku Kibaha joto la Januari linaangusha kuku wenye manyoya mengi, na kishingo anapoteza joto kupitia ile ngozi tupu. Jogoo nilimtoa Mkuranga, mweusi tii, shingo nyekundu kama nyanya, hana hata kile kishada cha manyoya mbele ya shingo. Kishada ndicho kinachokuambia jogoo ana jeni (chembe ya urithi) moja tu ya kishingo. Asiye nacho anazo mbili, na akipandana na tetea wa kawaida, kila kifaranga lazima apate moja. Hapo hakuna bahati nasibu wala robo tatu kwa robo. Ni wote.

Sasa, mzunguko wa kwanza. Matetea wanne weusi wenye manyoya kamili, mayai 22 kwenye mashine, nikatoa manne nilipoyamulika kwa taa kuona yaliyomo, matatu yakafia ndani, wakatoka 15. Kumi na wawili kishingo, kila mmoja na kishada chake, safi kabisa. Watatu manyoya mpaka kidevuni.

Watatu! Angetoka mmoja ningesema nimechanganya yai. Watatu ni hesabu inayokukataa usoni.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza jogoo: nikamshika usiku na tochi, nikaipapasa shingo yake yote nikitafuta hata unyoya mmoja wa kishada. Hamna. Na angekuwa na jeni moja, nusu ya vifaranga wangetoka na manyoya, si watatu kati ya 15. Pili nikamshuku mke wangu, kwamba alitia trei mayai ya dukani. Mada hiyo ilifungwa haraka na sitaifungua tena. Tatu jirani. Wavu wa banda langu una tundu upande wa ukuta wake, na ana jogoo mwekundu mwenye kelele. Nikaenda jioni na heshima zangu zote.

"Shikamoo mzee. Samahani, hivi jogoo wako huwa anaruka ukuta?"

"Marahaba mwanangu. Yule? Yule kupanda kwenye ndoo anapiga hodi kwanza."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikarudi nyumbani bila jibu, ila na mchicha.

Jibu lilikuwa kwenye daftari muda wote. Natumia daftari la kaunta, si programu ya simu. Nimejaribu programu mbili; zote zinataka nijaze uzito na chanjo lakini hazina mahali pa kuandika "huyu ana kitu cha ajabu kichwani". Na ndicho nilichoandika siku ya kutotoleshwa, pembeni, kwa haraka: wale watatu wana doa jeupe utosini. Nikaandika, nikasahau. Wiki ya tatu manyoya ya mabawa yalikuwa yameshatoka, na yametoka na milia, nyeupe na nyeusi.

Milia! Kwenye banda lile hakuna kuku wa milia. Jogoo mpya mweusi, matetea weusi, jogoo wa jirani mwekundu. Kuku wa milia aliyewahi kuishi pale ni mmoja tu, jogoo wangu wa zamani, na huyo tulimla Idi, kwa pilau, na mimi mwenyewe ndiye niliyemchinja.

Nikarudi kwenye tarehe. Kila yai naliandika siku lililotagwa, kwa penseli (kalamu ya wino msiitumie, ganda la yai lina vitundu, linapumua). Jogoo mpya aliingia bandani siku ileile ya Idi jioni. Nilianza kukusanya siku ya tatu, nikaishia siku ya tisa, nikijiona mtaratibu sana. Wale watatu walitoka kwenye mayai ya siku ya tatu, ya tatu tena, na ya tano. Baada ya hapo, kishingo watupu.

Tetea anatunza mbegu. Ndani yake, pale mji wa mayai unapokutana na njia ya kutokea, kuna vijitundu vidogo mno ambamo mbegu za jogoo zinakaa hai wiki mbili, pengine tatu, zikitoka kidogokidogo kila yai jipya linapopita. Ukileta jogoo mpya, mbegu zake nyingi zinashika nafasi, ndiyo maana 12 kwa 3 na si kinyume chake. Lakini za marehemu zilikuwa bado foleni. Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa njegere, alikata stameni (sehemu za kiume) za ua kabla halijafunguka, kisha akalivika mfuko ili chavua ya kigeni isiingie. Mimi nilidhani kumchinja jogoo ni mfuko tosha.

Kwa mzunguko huu wa pili sikubadilisha kitu. Tundu la wavu nililiacha makusudi vilevile, jogoo wa jirani anaendelea kupiga kelele, matetea walewale wanne. Kilichobadilika ni siku tu: yai la kwanza la kutotolesha nililichukua wiki nyingi baada ya Idi. Wote 19 kishingo. Mzee wa watu nimempelekea trei ya mayai, sikumwambia kwa nini.

Neno moja kuhusu mashine kabla sijasahau. Kipimajoto kilichokuja nayo ni muongo, kinasoma nyuzi 37.5 wakati ndani ni 38.4. Nimeweka cha pembeni, naamini hicho. Kigeuza mayai kinafanya kazi vizuri, nakizima siku ya 18. Na yeyote anayenunua mashine isiyokubali betri, na umeme wetu huu, ananunua kabati.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuwapandisha wale 19 kaka kwa dada ili nipate robo wasio na kishada. Nimeiweka kando. Kosa ni la wale watatu wa milia.

Wawili kati yao wanaonekana ni majike, na milia ya kuku inasafiri kwa njia yake. Kwa kuku jogoo ndiye mwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) mbili za jinsia zinazofanana, Z na Z. Tetea ana Z moja na W moja, na jeni ya milia iko kwenye Z. Tetea wa milia hana cha kumpa binti yake isipokuwa W. Z yake yenye milia inakwenda kwa wana wa kiume tu. Kwa hiyo tembe hawa wakikua, nikiwapa jogoo mweusi, kila kifaranga dume atatoka na doa utosini, alama ya milia ijayo, na kila jike atatoka kichwa cheusi. Najua dume na jike siku ya kwanza, bila kusubiri miezi miwili nikikisia miguu! Na kwa kuwa jogoo mweusi ni yuleyule wa Mkuranga, wote watakuwa kishingo juu yake.

Nimewafunga pete za njano miguuni. Kuna kama miezi minne mpaka watage. Na safari hii banda lao halina jogoo yeyote, awe hai au wa pilau.