Bakteria wa tumboni mwa mchwa: chungu kilivyoniokoa

Kisumu kila mtu ni mtaalamu wa mchwa mpaka umwambie unautaka utumbo wao. Mimi namsaka humo bakteria anayemeng'enya selulosi, nyuzi zinazojenga mabua na karatasi. Wa kwanza kunishauri alinituma Kibuye nikanunue kumbikumbi, eti mchwa ni mchwa. Wale wa sokoni wameshakaangwa, bwana! Bakteria gani huyo atoke mzima kwenye sufuria? Na hata wangekuwa hai, wenye mabawa hawatafuni mabua. Hiyo ni kazi ya wafanyakazi.

Mwingine akasema bomoa kichuguu. Nikabomoa kimoja upande wa Maseno. Askari wa Macrotermes, mchwa wajenga vichuguu, wakanikamata vidole, na ukimvuta mmoja kiwiliwili kinatoka, kichwa kinabaki kimeng'ata. Wafanyakazi walikuwa wamezama chini zamani.

Mwenye boma, bibi mmoja mcheshi, akacheka hadi akaketi. "Mjukuu wangu, umesoma mpaka ukasahau kulisha kuku?" Akaleta chungu kilichomeguka mdomo, akakijaza mabua makavu ya mahindi na mavi ya ng'ombe, akanyunyiza maji kidogo, akakifudikiza penye njia ya mchwa na kukifunika gunia jua lisipige. Asubuhi chungu kilikuwa kinatembea! Wafanyakazi tele, askari wa kuhesabu, na kuku wake wamenisimamia wakisubiri haki yao.

Kuwaosha kwa ethanoli ya asilimia 70, kuvuta utumbo kwa kibano na kuuponda, hayo ni mazoea ya maabara. Agari, ile jeli ya sahani niliyoipaka utumbo huo ili bakteria wakue, niliiwekea CMC, ile selulosi inayoyeyuka, bila sukari yoyote, asiyeila alale njaa.

Kasheshe ilikuwa rangi. Kongo redi, rangi nyekundu ya maabara, hushika selulosi ndefu na kuiachia iliyokatwakatwa, kwa hiyo penye kimeng'enya, kile bakteria anachotoa kukatia selulosi, hubaki duara jepesi. Mwongozo niliopewa ulisema suuza kwa maji. Nikasuuza, sahani nyekundu tupu, nikaanza kuwatukana mchwa. Kumbe inataka maji ya chumvi, kama gramu 58 kwa lita, uiache robo saa. Nilitumia ya jikoni, bei ya chai na mandazi. Nilipoimwaga, maduara ya manjano yakaanza kuchomoza, moja pana kuliko kidole gumba changu. (Kabla ya rangi, hamisha kila koloni, yaani kila kirundo cha bakteria, kwa kijiti cha meno kwenye sahani nyingine, la sivyo utabaki na picha tu.)

Sasa naulizwa kimeng'enya nitakiuza lini. Ni kweli, vimeng'enya vya aina hii hufifisha jinzi na huwekwa kwenye sabuni za unga, na kule Muhoroni kwenye sukari makapi ya miwa si haba. Lakini CMC huonyesha tu kimeng'enya kinachokata katikati ya mnyororo, na makapi yana lignini, gundi ngumu ya mmea inayoificha selulosi. Tena Macrotermes hulima uyoga kichuguuni, na uyoga huo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kumeng'enya mabua, kwa hiyo usimpe bakteria sifa zote. Wenye maduara makubwa nimewapa vipande vya karatasi ya kuchujia. Mmoja ameilegeza hadi inachanika nikitikisa chupa. Wengine wanaitazama tu. Huyo mmoja ndiye atakayepewa makapi.